Maneno Ishirini na Moja: Chama Kidogo cha Kikanisa cha Uholanzi na Funzo Lake kwa Wanaisimu

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ilipotangazwa, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza, kwa adabu lakini bila kuficha mshangao, chama cha siasa cha Uholanzi kina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Swali lake ni la haki, na ni vema nilijibu mapema. Sisi tunaoshughulika na lugha aghalabu huamini kwamba matini ikihifadhiwa barabara, neno kwa neno, maana yake nayo imehifadhiwa. Nimekitafuta kwa muda mrefu kisa kinachoweza kuipima imani hiyo, na sijaona kilicho bora kuliko kisa cha chama kiitwacho Staatkundig Gereformeerde Partij, ambacho tunaweza kukiita kwa takriban Chama cha Siasa cha Kireformati. Kwa ufupi nitakiita SGP, kama wanavyokiita Waholanzi wenyewe.

Chama hiki ni kidogo. Bunge la Uholanzi lina viti 150, na tangu idadi hiyo ilipowekwa mwaka 1956, SGP hakijawahi kuvuka viti vitatu. Hata hivyo kimekuwamo bungeni tangu mwaka 1922, na hakuna chama cha Uholanzi kilicho hai leo kilichokitangulia kuzaliwa. Vyama vikubwa vilivyokicheka katika miaka ya 1920 vimekwisha kufa au kuungana na vingine vikapoteza majina yao. Kimeshikiliwa na nini? Jibu langu ni kwamba kimeshikiliwa na matini, na hasa na maneno 21 ya matini hiyo.

Kabla ya kuendelea, niseme jambo moja la istilahi. Nitatumia majina Uholanzi, Waholanzi na Kiholanzi. Neno Wadachi nimeliepuka kwa makusudi, kwa sababu katika Kiswahili cha Tanganyika ya zamani neno hilo liliwahusu Wajerumani, kutokana na jina ambalo Wajerumani huiita lugha yao. Babu zetu waliosema "wakati wa Mdachi" hawakuwa wakizungumzia Amsterdam.

2.0 Matini na mwandishi wake

Matini ninayoizungumzia ni Ungamo la Imani la Ubelgiji, lililoandikwa kwa Kifaransa mwaka 1561 na mchungaji Guido de Brès. Wakati huo nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji zilikuwa chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, na Waprotestanti walisakwa kama wahalifu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1561, nakala ya ungamo hilo ilitupwa juu ya ukuta wa ngome ya mji wa Tournai, ili iwafikie wakuu wa serikali. Lengo lilikuwa kuwaonyesha watawala kwamba watu waliokuwa wakiwasaka hawakuwa waasi, bali raia watiifu wenye imani iliyosimama juu ya Maandiko.

Ungamo hilo lina vifungu 37. Kifungu cha 36 kinahusu serikali. Kinaeleza kwamba Mungu ameweka wafalme na mahakimu ili kuzuia uovu na kulinda utulivu, na kwamba kila mtu anapaswa kuwatii. Lakini kifungu hicho hakiishii hapo. Kinaongeza kwamba serikali ina wajibu wa kuilinda huduma takatifu ya kanisa, kuiondoa na kuing'oa ibada ya sanamu pamoja na dini ya uongo, na kuuangusha ufalme wa Mpinga Kristo. Kwa msomaji wa Kikalvini wa karne ya 16, Mpinga Kristo aliyetajwa hapo alikuwa Papa wa Roma.

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu yeyote wa matini hawezi kulipita bila kusimama. Mwandishi alikuwa akiwasihi watawala wasiwaue watu wake kwa ajili ya dini yao. Papo hapo, katika matini ileile, aliwapa watawala hao wajibu wa kuing'oa dini ya uongo. Philip wa Pili hakuwa na ubishi na kanuni hiyo. Yeye naye aliamini kwamba kazi ya mfalme ni kuing'oa dini ya uongo. Walitofautiana tu kuhusu dini ipi ni ya uongo. Guido de Brès alinyongwa mjini Valenciennes mwaka 1567.

3.0 Kufutwa kwa maneno na kuzaliwa kwa chama

Mambo yaligeuka baada ya hapo. Jamhuri ya Uholanzi ilijitenga na Hispania, na kanisa la Kikalvini likawa kanisa lililopendelewa na dola. Sinodi ya Dordrecht ya mwaka 1618 na 1619 ililithibitisha ungamo hilo kuwa msingi wa imani. Sinodi hiyohiyo iliagiza tafsiri mpya ya Biblia, ambayo ilitoka mwaka 1637 kwa idhini ya Bunge la Jamhuri na kuitwa Statenvertaling. Tafsiri hiyo iliathiri Kiholanzi sanifu kwa kiasi kikubwa, na makutaniko yanayokiunga mkono SGP yanaisoma hadi leo.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, Uholanzi ilikuwa nchi ya watu wa madhehebu mbalimbali na ya wasio na dini. Mwanatheolojia Abraham Kuyper, aliyeanzisha chama cha Anti-Revolutionaire Partij mwaka 1879 na kuwa Waziri Mkuu kuanzia 1901 hadi 1905, aliona kwamba mtu hawezi kushirikiana na Wakatoliki serikalini huku akiungama kwamba serikali inapaswa kuuangusha ufalme wa Papa. Mwaka 1905 Sinodi ya Gereformeerde Kerken, kanisa alilokuwamo Kuyper, iliyafuta maneno hayo katika kifungu cha 36. Kwa Kiholanzi yanahesabika kuwa maneno 21, na ndivyo yanavyotajwa hadi leo: "maneno ishirini na moja".

Idadi hiyo yenyewe ni ya kiothografia. Kiholanzi hukiandika kiambajengo "te" mbali na kitenzi, ilhali Kiswahili huambatanisha "ku-" na kitenzi chake. Tukiifasiri sehemu hiyo kwa Kiswahili tutapata maneno machache zaidi bila kupunguza chochote. Hata hivyo nambari 21 imekuwa kama jina la kabila la kiroho. Mholanzi wa makutaniko haya akisema kwamba anashikilia kifungu cha 36 "kisichopunguzwa", wenzake wanamwelewa mara moja.

Waliokataa kufutwa huko walikuwa wengi katika makanisa madogo yaliyosisitiza uongofu wa ndani wa moyo. Mchungaji Gerrit Hendrik Kersten, aliyekuwa kiongozi wa kuyaunganisha makutaniko kadhaa ya namna hiyo mwaka 1907, ndiye aliyeongoza uanzishwaji wa SGP katika mji wa Middelburg, jimbo la Zeeland, tarehe 24 Aprili 1918. Wakati ulikuwa mwafaka. Mageuzi ya katiba ya mwaka 1917 yalikuwa yamewapa wanaume wote haki ya kupiga kura, na yameleta uchaguzi wa uwakilishi wa uwiano. Chini ya mfumo huo, kikundi kilichotawanyika vijijini kinaweza kukusanya kura zake zote nchini na kupata kiti. Uchaguzi wa 1918 haukukipa chama kiti chochote. Mwaka 1922 Kersten aliingia bungeni peke yake.

Siasa ya chama ilitokana moja kwa moja na usomaji wa matini. Kilipinga chanjo ya lazima na bima ya lazima, kwa hoja kwamba vinaingilia majaliwa ya Mungu. Kilidai Jumapili ilindwe na sheria. Kilipinga pia haki ya wanawake kupiga kura, nami nitairudia hoja hiyo.

4.0 Usiku wa Kersten

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 1925 SGP kilikuwa na wabunge wawili tu. Serikali iliyoongozwa na Hendrikus Colijn iliundwa na muungano wa Wakatoliki na vyama viwili vya Kiprotestanti. Katika bajeti ya mambo ya nje kulikuwa na fungu la ubalozi wa Uholanzi kwa Papa, uliorejeshwa mwaka 1915 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kersten alipendekeza fungu hilo lifutwe. Pendekezo lake lilitoka moja kwa moja katika maneno 21: serikali ya Kikristo haiwezi kuuheshimu kwa ubalozi ufalme inaopaswa kuuangusha.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba 1925, Bunge lilipitisha pendekezo hilo kwa kura 52 dhidi ya 42. Chama kimojawapo cha Kiprotestanti kilichokuwamo serikalini, Christelijk-Historische Unie, kiliunga mkono kwa sababu wapiga kura wake nao hawakuutaka ubalozi huo. Upinzani wa mrengo wa kushoto, ambao haukujali hata kidogo kuhusu Mpinga Kristo, uliunga mkono kwa sababu uliona nafasi ya kuuvunja muungano. Mawaziri Wakatoliki walijiuzulu, serikali ikaanguka, na nchi ikakaa miezi kadhaa katika mgogoro. Waholanzi huuita usiku huo Usiku wa Kersten.

Tukio hilo huelezwa kama ushindi wa chama kidogo. Kwa upande wa lugha, mimi naliona kwa namna tofauti. Maneno yaleyale yalipigiwa kura na watu wa makundi matatu, na kila kundi lilikuwa na maana yake. Kersten alikuwa akiungama imani. Wengine walikuwa wakilinda kura zao. Wengine tena walikuwa wakiibomoa serikali. Pindi matini ya imani inapoingia katika utaratibu wa bunge, mwenye matini hana tena mamlaka juu ya maana yake.

Kersten mwenyewe alikuja kulipa gharama ya usomaji wake. Wajerumani walipoivamia Uholanzi mwaka 1940, aliuona uvamizi kuwa adhabu ya Mungu kwa dhambi za taifa, na baada ya ukombozi wa 1945 alizuiwa kurejea bungeni kwa sababu ya mwenendo wake wakati wa vita. Mchungaji Pieter Zandt alikiongoza chama baada yake. Vyama vingine vidogo vya Kikalvini viliibuka baadaye, na viwili kati yake viliungana mwaka 2000 kuunda ChristenUnie, kilichoingia serikalini mwaka 2007. SGP kilibaki nje ya muungano huo. Hata hivyo udogo wake ulikuja kuwa na uzito tena mwaka 2011, pale serikali ya Mark Rutte na washirika wake walipopata viti 37 kati ya 75 vya Baraza la Seneti, na kura moja ya SGP ikawa ndiyo tofauti baina ya kupita na kushindwa.

5.0 Neno "ambt" na suala la wanawake

Sasa nigeukie neno moja la Kiholanzi, "ambt". Kichwa cha kifungu cha 36 katika Kiholanzi kinataja "ambt" ya serikali. Neno hili lina maana ya wadhifa uliowekwa wakfu au uliokabidhiwa. Mchungaji na mzee wa kanisa ni "ambtsdrager", mbeba wadhifa. Mfanyakazi wa serikali ni "ambtenaar". Mzizi ni mmoja.

Katika makutaniko haya mwanamke hawezi kushika "ambt" kanisani. Katika mijadala ya chama, ukubwa wa diwani, mbunge na waziri uliitwa "regeerambt", wadhifa wa kutawala. Mkondo wa hoja ukawa mwepesi: kama wadhifa wa kanisa si wa mwanamke, na kutawala nako ni wadhifa, basi kutawala si kwa mwanamke. Sisemi kwamba neno ndilo lililozaa msimamo huo. Wenyewe huutetea kwa nyaraka za Mtume Paulo. Nasema kwamba neno liliujengea msimamo daraja la kuvukia kutoka mimbarini hadi baraza la mji, na waliolivuka hawakuhisi kwamba wamevuka kitu.

Kwa miongo mingi mwanamke hakuweza kuwa mwanachama kamili. Uholanzi iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao kifungu chake cha 7 kinahusu siasa. Mashirika ya kutetea haki, likiwamo la Clara Wichmann, yaliishtaki serikali kwa kukivumilia na kukipa ruzuku chama kinachobagua. Mwaka 2005 mahakama ya The Hague ilikubaliana nayo na ruzuku ikasimamishwa. Mwaka 2006 chama kilifungua uanachama kamili kwa wanawake, lakini si nafasi ya kugombea. Mwaka 2007 Baraza la Dola liliamua kwamba ruzuku haikupaswa kunyimwa. Tarehe 9 Aprili 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali ina wajibu wa kuhakikisha wanawake wanaweza kugombea kupitia chama hicho, ingawa mahakama yenyewe haiwezi kuiamuru serikali hatua mahususi ya kuchukua.

SGP kilikwenda katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kilijitetea kwa vifungu vinavyolinda uhuru wa dini, uhuru wa kujieleza na uhuru wa kujumuika. Tarehe 10 Julai 2012 mahakama iliyakataa maombi yake. Mwezi Machi 2013 chama kilirekebisha kanuni zake ili jinsi isiwe tena kizuizi cha kugombea, lakini kikauacha msimamo wake katika programu ya misingi bila kuugusa. Mwaka 2014 Lilian Janse alichaguliwa kuwa diwani katika mji wa Vlissingen, akiwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi kama hiyo kwa tiketi ya SGP. Vlissingen ni jirani ya Middelburg, mji kilikozaliwa chama hicho miaka 96 kabla yake.

Tuutazame utetezi ule wa mahakamani kwa makini. Chama kilichoanzishwa kulinda maneno yanayoitaka serikali iing'oe dini ya uongo kiliomba ulinzi wa uhuru wa dini. Wako wanaouita huo unafiki, nami sikubaliani nao. Programu ya chama ilikwisha kutofautisha kuing'oa dini ya uongo na kuilazimisha dhamiri ya mtu. Jambo la pili hawakulitaka. Ninachokiona ni jambo gumu zaidi. Maneno 21 yamebaki vilevile, lakini mazingira yaliyoyapa maana yamehama. Kwa Guido de Brès yalikuwa ombi la mnyonge kwa mfalme. Kwa Jamhuri yalikuwa sauti ya walio na nguvu. Kwa Kersten yalikuwa silaha ya bungeni. Kwa warithi wake wa leo yamekuwa alama ya utambulisho wa kundi dogo, na kundi hilo liko salama kwa sababu serikali ya Uholanzi haiyatekelezi.

6.0 Mtumishi wa nani?

Naam, tumrudie mwanafunzi wangu na Kiswahili chetu. Sheria zetu zimelifunga mapema lango ambalo SGP kilipitia. Sheria ya Vyama vya Siasa ya Tanzania ya mwaka 1992 hairuhusu chama cha kuendeleza maslahi ya dini fulani. Mwaka huohuo Kenya ilikataa kukisajili chama cha Kiislamu kilichokuwa na nguvu Mombasa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 91, inakataza chama kuundwa juu ya msingi wa dini.

Lakini sheria haizibi midomo ya watu. Chama cha Democratic Party cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1954 na kuungwa mkono hasa na Wakatoliki, hakikuwa na neno la dini katika jina lake. Wapinzani walizichukua herufi zake mbili, DP, wakazisoma kwa Kiswahili: Dini ya Papa. Uholanzi mapambano juu ya Papa yaliandikwa katika ungamo. Uganda yaliandikwa katika utani wa mtaani, na utani huo ukafanya kazi ya ilani nzima ya uchaguzi.

Isitoshe, Kiswahili nacho kina daraja lake. Nilipokuwa mtoto nilimsikia mhubiri akiitwa mtumishi wa Mungu, na wiki hiyohiyo nikamsikia bwana shamba akiitwa mtumishi wa serikali. Leo tunasema mtumishi wa umma. Biblia ya Union ya mwaka 1952, katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, inamwita mtawala mtumishi wa Mungu. Neno "mzee" nalo limeketi katika baraza la kanisa, baraza la kata na ukumbi wa mahakama, na kote huko limebeba dhana kwamba anayeketi hapo ni mwanamume mwenye mvi. Ni wangapi kati yetu tumewahi kujiuliza neno hilo linamwambia nini binti anayetaka kugombea udiwani?

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya chama kimoja kidogo inaweza kusomwa kama historia ya matini, na kwamba kuhifadhi maneno si kuhifadhi maana. SGP hakikupoteza hata neno moja kati ya yale 21, hata hivyo maana yake imegeuka angalau mara nne. Kinyume chake, neno "ambt" halikuandikwa na mtu yeyote kwa nia ya kuwazuia wanawake wa karne ya 20, lakini lilisaidia kuwazuia.

Kwa wanafunzi wetu nina ombi moja. Tunao utajiri wa kamusi, na tunaandika istilahi za sheria na utawala kila mwaka. Tusitosheke na kuuliza kama istilahi imeundwa kwa kufuata kanuni za mofolojia. Tuulize pia imetoka baraza gani, inaingia baraza gani, na inaingia na mzigo gani. Maneno "mtumishi", "mzee", "mamlaka" na "wakfu" yanasubiri watafiti. Kazi hiyo ikifanywa na wanaisimu sasa, haitabaki kufanywa na mahakama baadaye, kama ilivyotokea The Hague.